Kufufua au Kununua: Pampu ya Maji ya Gari la Mwendo la Zamani

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mafundi wa magari, Misungwi



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo mwenye gari hutuuliza akiwa amesimama juani, boneti iko wazi na mvuke unafuka: hii pampu ya maji inatengenezeka, au nikatafute nyingine? Kwa Corolla au Noah swali hilo halisumbui, maana duka la spea pale Mwanza mjini linamaliza kazi kabla ya saa sita. Linasumbua gari linapokuwa la mwendo, la miaka arobaini na zaidi, na mwenyewe amelirithi kwa baba yake.

Mfano wangu ni Datsun 160J SSS, ile ya kabureta mbili, kwa sababu nimeishika kwa mikono yangu. Injini yake ni L16, silinda nne, sentimita za ujazo 1,595. Ni ndugu wa L24 ya silinda sita iliyofungwa kwenye Datsun 240Z. Ukoo huo wa L una heshima kubwa kwenye barabara zetu. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka 1971 wakarudia kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akalichukua kombe kwa 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun. Mtu anayetunza gari la ukoo huo anatunza kumbukumbu, na fundi anayelipokea lazima alijue hilo kabla ya kushika spana.

Miaka mingi iliyopita ililetwa kwangu 160J inayovuja maji mbele ya injini. Nilifanya kama tunavyofanya wengi: nikaagiza pampu mpya, ya zamani nikaitupa kwenye rundo, na mnunuzi wa chuma chakavu akaja akaipima kwa kilo. Ile mpya ilikuja kwenye boksi safi sana. Baada ya miezi michache gari likaanza kuchemsha, ingawa hapakuwa na tone linalovuja. Nikatoa thamostati, nikaosha rejeta, nikabadili kofia, wapi! Nilipoifungua pampu nikakuta impela yake ni ya bati jembamba, fupi, imekaa mbali na ukuta. Ilikuwa inakoroga maji badala ya kuyasukuma. Bodi ya zamani, ambayo ndani haikuwa na kasoro hata moja, ilikwisha kuyeyushwa. Jambo hilo bado linaniuma.

Pampu ya aina ile ina bodi ya aluminiamu, shafti iliyoungana na beringi yake, sili na impela. Beringi na sili ndivyo vinavyolika, vimewekwa vilike. Bodi haina sababu ya kufa, isipokuwa iuawe. Kwa hiyo kabla hujaamua kufufua au kununua, jiulize kwanza pampu imeuawa na nini. Kwa magari niliyofungua mimi hapa Misungwi, jibu karibu kila mara ni maji tunayomimina kwenye rejeta.

Mnakumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa Juni 2025. Gari linasimama juani, injini inaunguruma taratibu, na pampu, kwa kuwa inazungushwa na mkanda wa injini, nayo inazunguka taratibu. Sindano ya joto inapanda. Kijana anashuka na dumu, anateka ziwani, anamimina. Maji yale yana tope laini na majani. Anayetoka Usagara anamimina ya kisima, ambayo sufuria ya chai nyumbani inaonyesha yanavyoacha ukoko mweupe. Ya mvua hayana chokaa, lakini nayo yakikaa bila kulanti yanakula chuma. Kutu ya bloku inazunguka na maji kama msasa, inapita kwenye uso wa sili, inachora mstari. Mstari ukishakuwepo maji yanapenya kwenye shafti, beringi inaoshwa grisi, na hapo mlio unaanza.

Halafu kuna kofia ya rejeta. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yakiwa wazi huku kwetu huchemka karibu nyuzi 96, hayangoji 100. Kofia nzima ya shinikizo la bar 0.9 huongeza kama nyuzi 20 juu ya hapo. Kofia iliyolegea inayaacha maji yatoe mapovu mapema, na mapovu hayo yakipasuka kwenye impela yanaidonoa mpaka inabaki na vishimo kama chuma kilichopigwa na sindano.

Sasa tuje mezani. Pampu ikitoka, msiioshe kwanza. Tafuteni kile kitundu kidogo chini ya shingo ya bodi. Kimewekwa na kiwanda ili maji yaliyoipita sili yadondoke nje yasiingie kwenye beringi. Alama ya kutu au ya rangi ya kulanti hapo ni barua kutoka ndani: sili imekwisha. Tafadhali msikizibe kwa silikoni. Nimeshakikuta kimezibwa, na beringi imeoza. Kisha shikeni kitovu cha feni, mkitikise juu na chini. Kikicheza, beringi imekwenda. Kwenye Datsun hizi feni imefungwa kwenye shafti ya pampu yenyewe, kwa hiyo panga moja likipinda, beringi inapigwa kila mzunguko. Mkanda uliokazwa kupita kiasi nao unaivuta upande mmoja; ukiubonyeza katikati kwa dole gumba ushuke kama milimita 10.

Mwisho angalieni ndani ya bodi. Pale impela inapokaribia ukuta pawe laini. Ukuta ukiwa umeliwa mpaka ukucha unazama, au tundu la beringi limepanuka kiasi kwamba beringi mpya inaingia kwa kusukumwa na kidole, bodi hiyo imekufa. Msiikazie beringi kwa kipande cha bati la kopo. Inashika kwa wiki moja, kisha shafti inahama na feni inakwenda kuipasua rejeta.

Bodi ikiwa nzima, mimi nafufua. Kabla ya kutoa chochote, pimeni kwa kalipa kitovu kimekaa umbali gani kutoka usoni mwa bodi, na impela imeingia kiasi gani. Andikeni. Hapo ndipo mafundi wengi wanapopoteza pampu, kwa sababu impela ikirudishwa juu kidogo haisukumi, ikizamishwa mno inasaga ukuta. Toeni kitovu kwa pula, pasheni bodi kwenye maji yanayochemka. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na beringi italegea. Isukumeni kwa presi, bodi ikiwa imeegemea pete ya chuma. Nyundo ikae mbali. Beringi nyingi za pampu za Kijapani zina shafti ya karibu milimita 16 na ganda la nje milimita 30, hivyo nendeni dukani na vipimo mkononi, pamoja na urefu wa shafti kila upande. Sili iwe mpya siku zote. Msiguse uso wake kwa vidole vyenye grisi.

Kuna pampu ambazo sizifufui. Kwenye injini za Toyota za ukoo wa 3S, zilizomo kwenye Celica na baadhi ya Altezza, pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi na imejificha nyuma yake. Ikivuja inaulowesha mkanda huo, na kuifikia ni kazi ya siku nzima. Spea zake zipo. Nunueni mpya iliyo nzuri, mbadili na mkanda hapohapo. Lakini hata hapo fungueni boksi mbele ya muuzaji, mlinganishe impela na ya zamani kwa urefu na kwa idadi ya mapanga. Na bodi ya zamani mpeni mwenye gari airudishe nyumbani.

Pampu yoyote mtakayofunga, osheni njia za maji mpaka yatoke meupe, kisha wekeni nusu kulanti na nusu maji yaliyotoneshwa, yale baridi wanayouza kwa ajili ya betri, siyo yale makali. Thamostati irudi mahali pake.

Hapo mezani nimeweka pampu tatu za L16. Mbili nimezifungua. Ya tatu ina alama ya kutu kwenye kitundu na sijaigusa. Sufuria ipo jikoni, presi tumeazima, na baada ya chai kijana mmoja aje na kalipa aanze kupima.