Elimu ya Bure Nayo Ina Gharama Zake

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama, sherehe ya miaka 10 ya kikundi, Ugalla)

Ndugu mgeni rasmi, mama zetu waanzilishi, wanachama wenzetu na majirani mliokuja kutuunga mkono,

 

Mahesabu ya hisa mweka hazina ameshasoma. Sisi tunataka kusema juu ya masomo ya bure, yale ya kwenye simu.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu walikutana kwa vikundi, redio katikati, kitabu mkononi, na kiongozi akiuliza: haya, tumeelewa nini? Wakitoka hapo wanachimba vyoo. Somo lilikuwa la bure, ila msomaji hakuachwa peke yake.

Siku hizi neema imezidi. Chuo Kikuu Huria chetu kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu asome huko huko aliko. Mwaka 2012 zikaanza Coursera na edX za Marekani, masomo ya vyuo vikuu yakafunguliwa kwa dunia nzima. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya shule kwenye maktaba yake ya mtandao, unasoma bila kulipa.

Sasa tuseme ukweli. Tulipoanza kujifunza ufugaji wa nyuki kwa video, bando liliisha nyuki hawajaingia mzingani. Tukanunua lingine, mtandao ukakata. Tulipopata somo zuri, kumbe ni Kiingereza kitupu! Mwenzetu mmoja akasema, "Jamani, hii bure mbona inatumaliza?"

Tunaye pia binti yetu aliyeacha shule kidato cha pili. Alisoma vitabu hivyo usiku kwa simu ya kuazima, mtoto mgongoni. Vitabu havikumdai hata senti. Ada ya mtihani wa QT ndiyo ilimdai. Hapo tukagawanyika. Wengine tulisema mfuko wa jamii ni wa misiba na magonjwa, basi. Tulibishana mikutano miwili, mwisho tukamkopesha bila riba. Mara ya kwanza hesabu ilimwangusha. Anarudia, na deni analipa kidogo kidogo. Waliokataa siku ile ndio wanaomshikia mtoto akienda kusoma.

Kwa hiyo tumeazimia: simu moja iwe ya kikundi, bando liingie kwenye bajeti, na kila tukimaliza kununua hisa tusome pamoja, anayejua Kiingereza awafasirie wenzake. Sanduku letu lina kufuli tatu, halifunguliwi na mtu mmoja. Elimu hii nayo tuifungue hivyo hivyo.

Ndugu mgeni rasmi, hatukuombi kompyuta. Tunakuomba utusaidie kupata mwalimu wa hesabu, saa moja tu kwa wiki.