Kubisha: Neno Juu ya Mashindano ya Ngalawa



Tumeombwa kunena juu ya imani na saburi. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kutafuta mfano mbali; tunao katika mashindano ya ngalawa, mchezo wanaoupenda vijana wetu.

Ngalawa mwaijua. Ni shina la mti, mara nyingi mwembe, lililochongwa likawa jembamba. Nayo ingepinduka upesi, kama isingalikuwa na matengo yake mawili, moja kila upande. Upepo ukiwa wa nyuma, hata mtoto aweza kuipeleka. Lakini mshindani hujulikana wakati wa kurudi, kusi ikimpiga usoni. Hapo hapana tanga liwezalo kwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Hana budi kubisha: huenda upande huu, kisha hugeuza, akaenda upande wa pili, na mwenziwe huketi nje juu ya tengo la joshi ili chombo kisilale. Aliye ufukoni, asiyejua bahari, husema, "Wamepotea, wanaiacha bendera." Kumbe kila wageuzapo wamekaribia.

Ndivyo ilivyo kwetu. Twaona wanafunzi wa ubatizo wakianza kwa furaha. Kisha ugonjwa au njaa ikiingia nyumbani hukata tamaa, wakidhani Mungu amewapa kisogo. Waalimu, tuwafundishe kubisha: sala ya asubuhi leo, na kesho tena, Jumapili hii, na ile ijayo. Katika lugha yetu abishaye baharini na abishaye hodi mlangoni wana neno moja, na wote wawili hawafiki wasipodumu.

Na chombo kikishindwa? Mwaka mmoja ngalawa ya vijana wetu ilijaa maji mbali na pwani, na wazazi wengine wakataka mchezo ukomeshwe. Tuliwauliza vijana walifanyaje. Wakajibu, "Hatukuiacha ngalawa." Walikunja tanga, wakashika matengo, mmoja akafua maji kwa upo, wengine wakaogelea kando. Wakafika wa mwisho, wote wazima. Basi hatukuukataza mchezo. Tuliagiza kwamba kila ashindanaye ajue kuogelea, na mashua moja iwafuate.

Mwakumbuka safari ya Mtakatifu Paulo, katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27. Pepo zilikuwa za mbisho, na merikebu ikavunjika karibu na Malta. Watu 276 walifika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Merikebu ilipotea, wala hakupotea mtu hata mmoja.

Waliotuletea Injili hawakuja kwa upepo wa nyuma peke yake, wala sisi hatukuahidiwa huo. Tushike matengo, tusichoke kugeuza tanga. Bwana na atufikishe sote bandarini. Amina.