Ubashiri Ulioanguka Maine



Mmenitaka nizungumzie ubashiri wa uchaguzi wa Seneti ya Marekani. Sitazunguka majimbo yote 50. Nitachukua Maine, na uchaguzi wa tarehe 3 Novemba, 2020.

Seneta Susan Collins wa chama cha Republican, aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 1996, alikabiliwa na Sara Gideon wa Democratic, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Takriban kura zote za maoni zilizotangazwa katika miezi ya mwisho zilimweka Gideon mbele. Mwezi Septemba Chuo Kikuu cha Quinnipiac kilimpa asilimia 54 dhidi ya 42. Wabashiri wakaongeza hoja ya pili: mwaka 2016 kila jimbo lililochagua seneta lilimchagua wa chama kile kile lilichokipa ushindi wa urais. Na Maine ilitazamiwa kwenda kwa Biden.

Ilikwenda kwa Biden kweli, kwa tofauti ya asilimia 9 hivi. Lakini Collins naye akashinda, karibu asilimia 51 kwa 42.

Wako wasemao kwamba waliohojiwa walikuwa wachache mno. La, hasha! Watu elfu moja waliochaguliwa bila upendeleo hutosha kukisia, kwa kosa la asilimia 3 hivi juu au chini. Taabu ni wale wasiojibu. Karani anayebisha hodi saa sita mchana huwakuta waliobaki nyumbani. Hata akirudi siku kumi saa ile ile, walioko shamba hatawapata. Kadhalika kura kumi za maoni zenye upofu mmoja: wastani wake huonekana imara, kumbe umepinda. Mwaka 2021 chama cha wataalamu wa fani hiyo nchini humo kilieleza kwamba makosa ya 2020 kuhusu kura za urais kitaifa yalikuwa makubwa kuliko yote katika miaka 40, na aghalabu yaliwapunja Republican.

Hata hivyo nawalaumu wahariri kuliko wanahisabati. Mbashiri akitaja uwezekano wa sita katika kumi, amekwisha kusema kwamba mara nne mambo yatageuka. Mhariri huzitupa hizo nne kapuni.

Nacho kiti kile hakikuwa kidogo. Januari 2021 Seneti iligawanyika 50 kwa 50, ikabidi Makamu wa Rais apige kura ya kuamua. Gideon angalishinda, Democratic wangalikuwa na viti 51.