Gego Lililotibiwa Nusu

Msikilizaji, kuna jambo linatokea kwenye kliniki zetu za meno, nami linaniuma. Mtu anafika na gego bovu, hajalala usiku kucha. Anachomwa ganzi, daktari anafungua jino kwa juu, anatoa kiini kilichooza, anasafisha mizizi na kuiziba. Maumivu yanakwisha. Mgonjwa analipa, anashukuru, anakwenda zake. Miezi michache baadaye anatafuna hindi la kuchoma, anasikia "ka!" Gego limepasuka hadi chini ya ufizi, na sasa dawa yake ni koleo tu. Nyumbani wanamwambia: si tulisema, jino bovu ni kung'oa!

Hapana. Gego lile lilitibiwa nusu. Uozo ulishakula sehemu kubwa, na daktari naye akalazimika kutoboa katikati ili aifikie mizizi. Zilizobaki ni kuta nyembamba kuzunguka kizibo, na magego ndiyo yanayobeba mzigo wa kutafuna. Kila ukiuma, kuta zile husukumwa nje, kama gogo linalopigwa kabari. Ndiyo maana gego la namna hii huvishwa kofia, wengine huiita krauni: gamba gumu la chuma, kauri au zirkonia, linalofunika sehemu yote iliyo juu ya ufizi na kuzishika kuta pamoja.

Kazi yenyewe inataka subira. Jino hukerezwa pande zote, milimita 1 hadi 2 hivi, likachukuliwa kipimo, na fundi wa maabara akatengeneza kofia. Siku ya kuivisha utaambiwa uume karatasi nyembamba ya rangi. Alama ikikolea mahali, pamezidi. Daktari anasaga kidogo, unauma tena, mpaka meno yakutane sawasawa. Usimharakishe hapo, maana kofia iliyozidi kidogo tu itakusumbua kila mlo. Ikitunzwa hudumu miaka 10, 15, hata zaidi. Lakini ukingoni, karibu na ufizi, piga mswaki vizuri: chini ya kofia jino ni lile lile, na linaweza kuoza.

Tundu dogo halihitaji yote haya, linazibwa, basi.

Ninachodai ni bei itajwe yote mapema. Kofia ni ghali, na mgonjwa anayeisikia siku ya mwisho huahirisha, maana maumivu yameshaisha. Wenye kliniki, andikeni mzizi na kofia kwenye karatasi moja, mpokee malipo kwa awamu. Nawe msikilizaji, kabla hujachomwa ganzi, uliza: gego hili litahitaji kofia? Lini? Jumla ni kiasi gani? Fedha ikiwa haitoshi, sema wazi. Pengine utawekewa kizibo kinachofunika kuta za gego huku ukijipanga, au mtakubaliana kung'oa, kabla hujamaliza akiba yako kwenye mzizi.