SHAHADA YA UUGUZI KWA MASOMO YA MBALI: JE, KAZI IPO?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi letu, mbele ya wanachama na jamaa zao)



Sisi tu watu wa reli, na labda mwingine atauliza: manesi watuhusu nini? Watuhusu sana. Wake zetu na binti zetu wengi hufanya kazi hospitalini. Siku hizi wengi wao wataka kupata shahada kwa masomo ya mbali, na karo yatoka katika mishahara yetu na mikopo ya vyama vyetu vya akiba. Basi yafaa tulitazame jambo hili vema kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, tusiyadharau masomo haya. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na wengine, lilianza mpango wa kuwasomesha manesi wa cheti kwa kompyuta ili wapate diploma. Manesi hao walikuwa zaidi ya 20,000. Kama wote wangeitwa kurudi shuleni, nani angebaki kumhudumia mgonjwa? Kwa hiyo masomo yaliwafuata kazini. Mtu alilinda zamu yake, kisha akasoma. Wengi walifaulu hivyo, na leo ndio wanaoendesha wodi na zahanati zetu. Aliyesoma usiku baada ya kazi hakusoma kidogo kuliko aliyekaa darasani. Pengine alisoma kwa taabu zaidi.

Pili, uuguzi haujifunzwi kwa kitabu peke yake. Sisi twalijua jambo hili. Mtu aweza kukariri kanuni zote za breki, lakini hatumpi treni mpaka amesafiri na dereva mzoefu na mkono wake umezoea. Nesi ni vivyo hivyo. Lazima awe na saa za mazoezi wodini, chini ya macho ya mwalimu. Chuo kikikuambia kwamba shahada ya uuguzi ni ya kompyuta tu, mwanzo hata mwisho, bila kugusa mgonjwa, shika fedha zako mfukoni.

Tatu, kazi yenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dunia ilikuwa na manesi karibu milioni 28, na upungufu wa karibu milioni 6. Mtu akisikia hivyo husema, "Basi kazi ni nyingi." La, ndugu zangu. Upungufu wa manesi ni jambo moja, na nafasi yenye mshahara ni jambo jingine. Hapa Kenya wodi zina manesi wachache, na papo hapo wako manesi waliofuzu ambao wanakaa nyumbani, kwa kuwa hakuna fedha zilizotengwa za kuwaandika. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zi chini ya kaunti, na bodi ya utumishi ya kaunti ndiyo huandika watu na kuwapandisha vyeo. Kaunti moja yaweza kupandisha, na jirani yake ikakataa.

Twamjua bibi mmoja, mke wa mwenzetu wa karakana. Alimaliza shahada yake kwa miaka mingi ya kukesha. Alipopeleka karatasi ofisini, mwajiri wake alimpongeza, akaiweka katika faili, na mshahara ukabaki ule ule. Kazi ilizidi, kwa maana sasa aliitwa kuwafundisha wengine. Hakuna aliyemwahidi kwa maandishi, basi hakuwa na la kushika.

Nne, wako wanaotazama ng'ambo. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilifanya mapatano juu ya wafanyakazi wa afya. Lakini shahada peke yake haifungui mlango wa huko. Nesi aliyesomea Kenya hupimwa kwa mtihani wa kompyuta na mtihani wa vitendo, na lazima aonyeshe kwamba anajua Kiingereza vizuri. Tena asimlipe wakala yeyote kwa maneno matupu.

Basi, kabla ya kulipa karo, tuulize mambo manne. Je, Baraza la Wauguzi limekikubali chuo hiki na somo hili? Mazoezi yatafanyika hospitali gani, na nani atayasimamia? Je, mwajiri ametoa ruhusa ya masomo kwa maandishi? Na akimaliza, cheo chake kitabadilishwa lini? Jibu la mdomo si jibu. Liwe karatasi yenye sahihi.

Swali hilo la nne mtu mmoja hawezi kulishinda peke yake. Mwaka 2017 manesi wa Kenya waligoma tangu Juni hata Novemba, siku zipatazo 150, kwa ajili ya mapatano ya mishahara. Waliumia, na wagonjwa waliumia. Lakini walionyesha kwamba haki ya mfanyakazi hutafutwa na chama, wala si na mtu mmoja mlangoni mwa afisa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, imetupa haki ya kuwa na vyama na ya kupatana na waajiri kwa pamoja. Twawasihi manesi wa nyumbani mwetu wajiunge na chama chao, wadai kwamba mapatano yaseme wazi: anayeongeza elimu iliyokubaliwa, cheo na mshahara vibadilike kwa muda uliotajwa.

Na sisi wanaume tuna wajibu wetu. Mama akitoka zamu ya usiku, naye ana kitabu cha kusoma, nani atapika uji wa watoto? Tusijisifu kwamba twamsomesha, huku twamwachia kazi zote.

Elimu ni mali. Lakini mali bila mlinzi huibiwa, na mlinzi wetu ni chama.