Adui wa Nyumba ya Udongo ni Maji

(Maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe)

  

Leo twataka kuzungumza juu ya nyumba zetu za udongo. Si mwajua, wengi wetu huku bara tuna nyumba lakini hatuna ardhi. Nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, nawe wamlipa kodi ya ardhi. Jambo hili lina mizizi mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908, wakati wa ukoloni, iliacha watu wengi wa Pwani bila hati. Na mwenye ardhi mara nyingi hakubali ujenge kwa mawe. Basi mtu husema, "Hii ni nyumba ya muda, ya nini kujisumbua?" Anakandika mara moja, anahamia, anaiacha hivyo. Watoto wanazaliwa humo, wajukuu pia, na nyumba bado yaitwa ya muda. Halafu masika yanaingia, na usiku mmoja ukuta unaangukia walikolala watoto.

Sisi twasema udongo hauna kosa. Adui ni maji, naye huja kwa njia tatu: chini, juu na ubavuni. Tukizifunga hizo, nyumba hudumu miaka mingi, na kazi yenyewe ni ya mikono yetu.

Tuanze chini. Katika Mathayo sura ya 7 Bwana wetu alisema habari za nyumba mbili, na tofauti yao ilikuwa msingi. Inua sakafu juu ya ardhi kwa mawe, angalau kiasi cha mkono mpaka kiwiko. Chimba mtaro wa kupeleka maji mbali, lakini si kwa jirani. Jenga baraza mbele. Baraza si ya kukalia tu, ni kinga ya mguu wa ukuta.

Juu, upenu utokeze kiasi cha sentimita 60 au zaidi, uwe ni wa makuti au wa mabati. Makuti huchoka. Yakaguliwe kabla ya masika, yaani kabla ya mwezi wa Machi kwisha, na tena kabla ya vuli.

Sasa ubavuni, ndipo penye kazi ya kumalizia. Kwanza ujue udongo wako. Changamwe una mfinyanzi mwingi. Likoni na Kisauni karibu na bahari, mchanga ndio mwingi. Lowesha konzi moja, uviringishe kama kidole. Ukikatika upesi, mchanga umezidi. Ukikauka na kupasukapasuka, mfinyanzi umezidi. Ongeza mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Usichukue mchanga wa pwani, kwa maana una chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kubambua chokaa.

Kandika mara ya kwanza, pande zote mbili za fito, udongo uingie ndani kabisa. Ngoja ukauke na nyufa zitokee. Kandika mara ya pili kwa udongo uliochekechwa, ukizijaza nyufa zile. Ungali mbichi, tomea, yaani pachika vijiwe vidogo vidogo ukutani, ili chokaa ipate pa kushika. Ukuta ukikauka, unyunyizie maji, kisha piga lipu ya chokaa: ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Ilinde na jua kali, uiloweshe kidogo kidogo siku kadhaa. Chokaa huunguza macho na ngozi, kwa hiyo watoto wasiichezee.

Wengine watasema, "Kwa nini tusipige saruji?" Saruji ni ngumu kuliko udongo. Hupasuka, maji hupenya nyuma yake yasipate pa kutokea, na siku moja lipu yote huanguka. Chokaa si kitu cha kimaskini. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na hadi leo imesimama.

Tena kuna habari ya miti. Wazee walitumia boriti na fito za mikoko, ambazo mchwa hazipendi. Lakini mikoko yetu ya Tudor na Port Reitz imekatwa sana, na kuikata bila kibali ni kosa. Mvinje waweza kutumika. Kule Bamburi ulipandwa kuanzia 1971 kwenye machimbo ya mawe, ukamea pasipokuwa na rutuba. Ila hauvumilii mchwa kama mkoko, kwa hiyo kagua nguzo mara kwa mara.

Basi kazi hii mtu mmoja haiwezi. Kumi wakiponda udongo pamoja, nyumba hukandikwa kwa siku chache. Twaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, kabla ya kujenga au kutengeneza, zungumzeni na mwenye ardhi, mwandikiane mbele ya mashahidi, na risiti za kodi zitunzwe. Pili, kabla ya masika zungukeni nyumba zote za wanachama, mkianza na wajane na wazee. Tatu, mkiona ukuta umeinama au umevimba chini, msiuzibe kwa udongo. Watoeni watu humo siku hiyo hiyo, ndipo mjenge upya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee walisema hivyo wakiwa katika nyumba kama hizi zetu. Ardhi huenda bado si yetu, na kuidai tutaendelea kuidai. Lakini watoto walalao humo usiku wa leo ni wetu. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.