Nusu Saa ya Mzazi Katika Duara la Nyimbo

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa watoto wa chekechea, Thika na Ruiru



Mtu akipita karibu na kituo cha ECDE asubuhi, iwe Makongeni au Gitothua, atasikia watoto wakiimba. Wanaimba wakinawa mikono, wakihesabu, wakipanga foleni ya uji. Anayekosekana mara nyingi ni mtu wa nyumbani kwao, mzazi au mlezi, aliyeketi nao katika duara hilo. Mazungumzo haya yanamhusu huyo.

Sababu za kukosekana kwake zinajulikana. Thika ni mji wa viwanda na kazi za zamu. Ruiru wengi huamkia Nairobi, na barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012 haikuongeza saa za siku. Mzazi huondoka mtoto akiwa amelala na kurudi mtoto akiwa amelala tena. Anayejua mtoto anaimba nini siku hizi ni nyanya, msaidizi wa nyumbani au mama wa deikea.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Mtaala wa CBC, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, unawapa watoto wa PP1 na PP2 nafasi ya muziki na michezo, na unamtaka mzazi ashiriki. Bahati mbaya, kushiriki kumekuja kueleweka kuwa ni kutafuta vifaa: karatasi za manila, vizibo, chupa tupu, na gundi inayosakwa dukani saa tatu usiku. Wazazi wamelalamika, na si bila sababu. Lakini katika somo la muziki kinachohitajika zaidi ya kifaa chochote ni mtu.

Huko Japani, mwalimu wa fidla Shinichi Suzuki, aliyeishi kuanzia 1898 hadi 1998, aliona jambo ambalo liko wazi kwa kila mtu: mtoto hujifunza lugha ya mama kwa kusikia, kurudia na kupongezwa, bila kufundishwa sarufi. Akafundisha muziki kwa njia hiyo hiyo. Katika mbinu yake mzazi huketi darasani, hujifunza misingi ya chombo, kisha huwa ndiye mwalimu wa nyumbani wiki nzima. Thika haihitaji fidla ili kufuata wazo hilo. Wanawake wa Kiambu waliomwimbia mtoto akiwa mgongoni wangemwelewa mara moja.

Kipindi chenyewe ni kifupi, dakika 20 hadi 30, kwa sababu mtoto wa miaka minne hachelewi kuchoka. Wimbo wa salamu humtaja kila mtoto kwa jina. Kisha hupigwa mapigo kwa viganja juu ya mapaja, mwalimu anaanzisha na wengine wanaitikia. Baadaye huja mchezo wa kutembea ngoma inapolia na kusimama inaponyamaza. Mchezo huo unaonekana wa kitoto tu, lakini ndipo mtoto anapojizoeza kusikiliza na kujizuia. Mzazi huketi mkekani pamoja na mtoto, simu ikiwa mfukoni. Kurekodi video na kuituma kwenye kundi la WhatsApp si kushiriki. Na mtoto akikataa kuimba, aachwe. Wapo wanaotazama tu kwa wiki kadhaa, kisha wanaimba wimbo wote nyumbani wakiwa wanaoga.

Vyombo viko jikoni. Sufuria kuukuu ni ngoma. Mkebe wenye punje za maharagwe ni kayamba, ila ufungwe imara, maana punje moja puani ni safari ya hospitali.

Ruiru ina utajiri mwingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 371,111 katika kaunti ndogo hiyo, na katika ploti moja ya kupanga jirani mmoja huzungumza Gĩkũyũ, mwingine Kikamba, mwingine Dholuo, mwingine Kiluhya. Kila mzazi akileta wimbo mmoja wa kwao, darasa limepata hazina ambayo kitabu hakina. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ikiwa ngoma yenye kishindo namna ile inaweza kufifia, wimbo wa kubembeleza unaojulikana na nyanya mmoja hauna budi kuimbwa sasa. Akina baba nao waje. Isukuti ni ngoma wanayoijua vyema, kwa hiyo hawana kisingizio kwamba muziki wa watoto ni kazi ya mama.

Asiyepata ruhusa kazini amtume nyanya, kaka mkubwa au msaidizi wa nyumbani. Mwalimu naye anaweza kumtumia mzazi wimbo mmoja wa wiki kwa sauti, ukaimbwa wakati wa kuoga au Jumapili mchana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu au minne achangamshe mwili kwa angalau dakika 180 kila siku, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1. Mchezo wa kuimba na kuruka hupunguza deni la hesabu hizo zote mbili.

Duara hilo hufichua jambo jingine. Yupo mtoto asiyegeuka ngoma inapopigwa nyuma yake, au anayeitikia baada tu ya kutazama midomo ya wenzake. Huyo asiitwe mkaidi. Huenda ni nta iliyoziba sikio au usaha, mambo yanayotibika, na huenda ni tatizo la kusikia linalohitaji msaada wa mapema. Mwalimu mwenye watoto wengi anaweza asimwone, lakini mzazi aliyeketi kando yake atamwona. Amwambie mwalimu siku hiyo hiyo, na mtoto apelekwe kituo cha afya kilicho karibu akapimwe masikio.